Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kupukutika kwa Manyoya na Mabadiliko ya Ngozi ya Mbwa kwa Majira ya Mwaka

Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa ajili ya wafugaji wa mbwa wa Afrika Mashariki, wale wenye mbwa wa ulinzi kwenye banda la uani na wale wanaoishi na mbwa ndani ya nyumba moja. Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu manyoya ya mbwa imetoka katika nchi zenye majira manne, na mfugaji wa Tanga au Nakuru anayeyafuata neno kwa neno huweza kukaa akisubiri msimu upite, kumbe mbwa wake anaumwa.

Je, mbwa wote hupukutisha manyoya?

Karibu wote, ingawa kwa viwango vinavyotofautiana sana. Kila unyoya hupita katika hatua ya kukua, kisha husimama, hupumzika kwa muda, na mwishowe hudondoka ili kuupisha unyoya mpya unaochipua katika kitundu kilekile. Kinachotofautisha mbwa wa aina moja na wa aina nyingine ni urefu wa hatua hizo. Kwa Poodle, manyoya mengi huwa katika hatua ya kukua wakati wowote ule, ndiyo maana mbwa huyo huhitaji kunyolewa mara kwa mara lakini hajazi nyumba manyoya. Kwa Husky na jamaa zake wa nchi za baridi, manyoya mengi hukaa katika hatua ya kupumzika kwa muda mrefu, kisha huachia kwa wingi ndani ya majuma machache. German Shepherd na Labrador, ambao ni wengi huku kwetu, wana tabaka mbili za manyoya, la nje lenye manyoya magumu na la ndani lenye manyoya mafupi laini, na hilo la ndani ndilo linalotoka kwa mafungu unapomchana mbwa. Mbwa wa kienyeji naye hupukutisha, ila manyoya yake ni mafupi na upepo wa uani huyapeperusha kabla mtu hajayaona.

Vitabu husema mbwa hupukutisha mara mbili kwa mwaka. Mbona wangu hupukutisha mwaka mzima?

Kwa sababu vitabu hivyo vinazungumzia mbwa wanaoishi mbali na ikweta. Kinachoupa mwili wa mbwa habari za majira kwa kiasi kikubwa ni urefu wa mchana, wala si joto pekee kama wengi wanavyodhani: usiku unapokuwa mrefu, tezi ndogo iliyomo ndani ya ubongo hutoa homoni ya melatonini kwa muda mrefu zaidi, na homoni hiyo, ikishirikiana na nyinginezo, huviamuru vitundu vya manyoya vianze au viache kazi. London, mchana wa katikati ya Juni huuzidi ule wa katikati ya Desemba kwa zaidi ya saa 8, na mbwa wa huko hupata ishara iliyo wazi ya kuvua manyoya ya baridi wakati wa machipuko na kujiandaa upya wakati wa vuli ya Ulaya. Nairobi, tofauti baina ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki hata robo saa. Dar es Salaam, iliyo kusini zaidi, tofauti hiyo haifiki saa moja.

Kwa hiyo mbwa anayeishi huku hana sababu kubwa ya kupukutisha kwa mkupuo. Anapukutisha kidogo kidogo miezi yote, pengine kwa kuongezeka kidogo baada ya baridi ya Juni hadi Agosti katika nyanda za juu. Hiyo ndiyo kawaida yake.

Lakini kila masika hali huwa mbaya zaidi. Je, huo si msimu?

Ni msimu, lakini mara nyingi si msimu wa mbwa. Ni msimu wa wadudu na fangasi. Hili ndilo jambo ambalo ningependa mfugaji alishike kuliko mengine yote katika ukurasa huu. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za vuli za Oktoba hadi Desemba, huleta pamoja unyevu na joto, na hali hiyo huwafaa viroboto, kupe, fangasi na bakteria wa ngozi kwa wakati mmoja. Mayai ya viroboto hukauka na kufa hewa inapokuwa kavu mno, lakini huanguliwa kwa wingi hewa inapokuwa na unyevu. Nyasi huota, na kupe hupata mahali pa kusubiri. Banda lenye sakafu ya udongo halikauki, na mbwa mwenye manyoya mazito hulala akiwa amelowa hadi ngozini usiku baada ya usiku.

Mbwa wa namna hiyo atajikuna, na kwa kujikuna atang'oa manyoya. Mwenye mbwa akisema kwamba ni majira tu, ugonjwa hupata miezi miwili ya kuota mizizi. Kwa hiyo, manyoya yakiongezeka kudondoka wakati wa mvua, chukulia kwamba kuna chanzo, ukitafute, na ukubali kwamba ni kawaida baada tu ya kutokiona.

Nitatofautishaje kupukutika kwa kawaida na ugonjwa?

Tazama ngozi, usitazame sakafu. Wingi wa manyoya yaliyodondoka hauelezi mengi, kwa kuwa German Shepherd mwenye afya njema anaweza kujaza mfuko kwa kuchanwa mara moja. Katika kupukutika kwa kawaida manyoya hupungua kwa usawa mwili mzima, hakuna sehemu iliyobaki upara, na ukiyapanua manyoya kwa vidole unaiona ngozi ikiwa na rangi yake ya siku zote, kavu kiasi, isiyo na magamba wala harufu. Mbwa hajikuni kuliko alivyozoea, na anakula na kucheza kama kawaida.

Dalili zinazopaswa kukutia wasiwasi ni upara wa mahali pamoja, wekundu, vipele au usaha, magamba mengi, harufu nzito inayorudi siku chache baada ya kuoga, ngozi iliyogeuka kuwa nyeusi na nene, na mbwa anayejikuna, kujilamba au kujing'ata hata usiku. Tazama pia rangi ya manyoya ya miguuni kwa mbwa mweupe au wa rangi ya mchanga: yakiwa yamegeuka kuwa na rangi ya kutu, jua kwamba amekuwa akiyalamba kwa muda, kwa sababu mate ndiyo yanayoacha rangi hiyo.

Manyoya yamenyonyoka mgongoni karibu na mkia, lakini sioni kiroboto hata mmoja. Inawezekanaje?

Inawezekana sana. Upara wa kiunoni, kwenye shina la mkia na nyuma ya mapaja ni mahali penyewe pa mzio wa viroboto, yaani hali ambayo mwili wa mbwa huyakataa mate ya kiroboto, hata kuumwa mara chache kukatosha kumwasha kwa siku nyingi. Mbwa wa namna hiyo hujitafuna kwa bidii kiasi cha kuwameza viroboto aliokuwa nao, na mwenyewe akija kukagua hakuti kitu.

Fanya hivi: msimamishe mbwa juu ya karatasi nyeupe, umpapase mgongo kinyume na mwelekeo wa manyoya, kisha uvinyunyizie maji vipunje vyeusi vitakavyoanguka. Vikiyeyuka na kuacha rangi nyekundu ya kahawia, ni kinyesi cha viroboto, nacho ni damu iliyosagwa. Vikibaki vyeusi, ni vumbi tu.

Tiba ya mbwa peke yake haitoshi. Viroboto wanaoonekana juu ya mbwa ni sehemu ndogo sana ya waliopo. Wengine ni mayai, mabuu na wale waliojifungia ndani ya vifukofuko kwenye nyufa za sakafu, chini ya magunia ya kulalia na kwenye mchanga wa kivulini, ambako wanaweza kusubiri kwa miezi. Ndiyo maana dawa iliyofanya kazi vizuri huonekana imeshindwa baada ya majuma mawili. Endelea kumpa kinga mbwa, na paka pia wa nyumba hiyo, kwa muda usiopungua miezi mitatu, fua au choma matandiko, na fagia banda hadi pembeni.

Na kupe je? Hao huonekana wazi.

Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia ya pekee: anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya banda au nyumba, akipanda ukutani na kujificha kwenye nyufa, kwa hiyo mbwa asiyetoka nje ya geti hajasalimika. Kwenye ngozi huacha vinundu na vidonda vidogo, lakini madhara yake makubwa yako kwenye damu. Moja ya magonjwa anayoyaambukiza, linaloletwa na bakteria anayeitwa Ehrlichia canis, humfanya mbwa atokwe na damu puani na kuotwa na vidoa vyekundu tumboni na kwenye fizi. Ukiona vidoa ambavyo havififii unapovibonyeza kwa kidole, achana na habari za manyoya, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Watu wanasema mbwa wangu ana upele. Je, utaniambukiza?

Inategemea ni upele gani, maana ziko aina mbili zinazochanganywa kila siku. Aina ya kwanza husababishwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, Sarcoptes, anayechimba ndani ya ngozi. Mbwa huwashwa vibaya, hasa usiku, na upara huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko na visigino. Ukiusugua ukingo wa sikio lake kwa vidole na mguu wa nyuma ukaanza kujikuna wenyewe, shuku aina hii. Upele huu humrukia mtu, ingawa kwa mtu hauwi wa kudumu, na vipele vya mikononi na tumboni huisha vyenyewe mbwa akishatibiwa. Mbwa wote wa nyumba hiyo hutibiwa kwa pamoja.

Aina ya pili hutokana na mdudu mwingine, Demodex, ambaye huishi kwa idadi ndogo ndani ya vitundu vya manyoya vya mbwa karibu wote na huzidi pale kinga ya mwili inapokuwa dhaifu au bado changa. Huonekana zaidi kwa mbwa wa chini ya mwaka mmoja na nusu, kama vibaka vya upara kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele, mara nyingi bila kuwasha mwanzoni. Haumwambukizi mtu. Vibaka vichache kwa mbwa mchanga huweza kupona bila dawa, lakini vikienea mwili mzima ni ugonjwa mzito. Kwa mbwa mzima, daktari atataka kujua ni nini kilichoishusha kinga yake.

Kuna madoa ya upara yenye umbo la duara, na mtoto wangu naye ana choa. Je, kuna uhusiano?

Uhusiano upo, na mara nyingi huwezi kujua ni nani aliyemwambukiza mwenzake. Choa na mapunye ni maradhi ya fangasi, na baadhi ya aina zake hupita kati ya mbwa, paka na binadamu, watoto wakiwa wepesi zaidi kuambukizwa. Mpeleke mtoto hospitalini na mbwa kwa daktari wa mifugo, na ufue matandiko kwa wakati uleule. Usiamini umbo la duara peke yake, maana usaha wa bakteria nao huacha alama za duara zinazofanana kabisa.

Tunaishi pwani, na mbwa wangu hunuka hata baada ya kuogeshwa. Nifanye nini?

Harufu ya uchachu inayotoka masikioni, kwapani, kwenye mikunjo ya shingo na katikati ya vidole, ikiambatana na ngozi yenye mafuta, mara nyingi ni hamira ya ngozi, aina ya fangasi wadogo sana. Hamira hiyo ni mkaaji wa kawaida wa ngozi ya mbwa, lakini huzidi kiasi mahali penye unyevu usiokauka, na hewa ya Mombasa au Zanzibar huipa unyevu huo mwaka mzima. Sabuni yenye klorheksidini na mikonazoli husaidia, kwa sharti kwamba povu liachwe mwilini kwa dakika 10 kabla ya kusuuza. Wengi humpaka na kummwagia maji papo hapo, kisha hulalamika kwamba sabuni ni feki.

Mbwa anayeogelea baharini asuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha akaushwe hadi ngozini, hasa masikioni. Mbwa wa manyoya mazito anapolala amelowa huweza kuamka na kidonda chekundu kinachotoa majimaji, kilichotanuka ndani ya saa chache shavuni au pajani. Kidonda hicho hutisha kwa kukitazama lakini hupona vizuri kikiwahiwa: punguza manyoya yote yanayokizunguka ili hewa ifike, kioshe kwa maji ya uvuguvugu, umzuie mbwa asikilambe, na usikifunge kwa kitambaa.

Kwa nini ngozi ya tumboni na kwapani imekuwa nyeusi na nene?

Ngozi iliyowaka na kukunwa kwa muda mrefu hujilinda kwa kuongeza rangi na unene. Weusi huo si ugonjwa wenyewe bali ni kumbukumbu ya kuwashwa kwa miezi mingi, na kuupaka mafuta ya nazi au limau hakuuondoi. Chanzo kikitibiwa, weusi hufifia polepole. Sugu za viwiko ni jambo jingine: mbwa mkubwa anayelala juu ya saruji huota ngozi ngumu isiyo na manyoya kwenye viwiko, nayo haina madhara isipopasuka. Mtandikie kitu laini.

Kwa mbwa weupe wenye manyoya machache tumboni na puani, jua ni hatari ya kweli. Ngozi hiyo huungua, hurudia kuungua, na baada ya miaka huweza kuota saratani. Mbwa wa namna hiyo asifungwe juani mchana kutwa.

Mbwa ana kijipu chenye tundu katikati, na ndani kuna kitu kinachotikisika. Ni nini?

Ni buu la nzi. Yuko nzi wa Afrika, Cordylobia anthropophaga, anayetaga mayai kwenye mchanga wenye kivuli na harufu ya mkojo au kinyesi, pamoja na nguo zilizoanikwa zikiwa mbichi. Buu huingia ngozini na kukaa humo kwa siku 8 hadi 12. Usilikamue kwa nguvu, kwa sababu likipasuka ndani huleta uvimbe na usaha. Ziba tundu kwa vaselini nzito, usubiri buu litoe kichwa likitafuta hewa, ndipo ulibonyeze taratibu kutoka pande mbili. Funza wa miguuni, wale wanaoingia kwenye nyayo na pembeni ya kucha, ni mdudu mwingine kabisa. Nao huondolewa kwa usafi na si kwa sindano ileile ya familia nzima.

Je, ugali na dagaa vinatosha kumpa mbwa manyoya mazuri?

Dagaa ni wazuri. Tatizo ni ugali kuwa karibu chakula chote. Unyoya ni protini, kwa hiyo mbwa anayepata protini kidogo hana cha kuujengea, na mwili wake huupa moyo na misuli kabla ya kuyakumbuka manyoya. Manyoya yake huwa makavu, mepesi kukatika, na rangi yake hupauka. Kuna jambo la pili lisilojulikana sana: pumba za nafaka, zilizomo kwa wingi katika dona na katika vyakula vya bei ya chini, zina asidi inayoyashika madini ya zinki yasifyonzwe tumboni. Watoto wa mbwa wanaokua haraka kwa kulishwa nafaka tupu huweza kuota magamba mazito kuzunguka macho, mdomo, viwiko na nyayo, na wenye mbwa huwapaka dawa ya upele bila mafanikio kwa sababu hakuna upele wowote.

Ongeza nyama, maini kwa kiasi, dagaa waliolowekwa ili kupunguza chumvi, na mayai yaliyopikwa. Kijiko cha mafuta ya alizeti juu ya chakula humpa mbwa mafuta anayoyahitaji kwa ajili ya ngozi. Mabaki ya pilau na mchuzi wenye vitunguu maji au vitunguu saumu yasimfikie, kwa kuwa vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yake, na unga ulioota ukungu usigeuzwe kuwa uji wa mbwa, maana sumu yake huua ini. Uwe na subira: tabaka la juu la ngozi ya mbwa hujibadilisha kwa takriban majuma matatu, na manyoya huchukua miezi kadhaa kuonyesha tofauti.

Nimchane na kumwogesha mara ngapi?

Mbwa mwenye tabaka mbili achanwe mara mbili au tatu kwa juma, kwa chanuo la meno marefu linalofika tabaka la ndani, kisha kwa brashi. Mbwa wa manyoya mafupi hutosheka na glovu ya mpira mara moja kwa juma. Kumchana kuna faida kuliko kumwogesha, kwa sababu huondoa manyoya mafu, husambaza mafuta ya asili, na humlazimisha mwenyewe kuigusa ngozi yote, jambo ambalo ndilo linalogundua kupe na uvimbe mapema.

Kuoga mara moja kwa mwezi kunamtosha mbwa mwenye afya. Sabuni za unga na za vipande vya kufulia hazimfai kabisa, na hata shampuu nzuri ya binadamu haimfai sana, kwa kuwa ngozi ya mtu ina uchachu kuliko ya mbwa na bidhaa hizo zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Jiki na dawa za kusafishia choo zisimguse.

Joto ni kali. Je, nimnyoe?

Ukiwa na Poodle, ndiyo. Ukiwa na German Shepherd, Husky au Pomeranian, hapana, isipokuwa daktari ameagiza au manyoya yamesokotana kiasi cha kutochanika. Mbwa hujipoza hasa kwa kuhema, si kwa kutoka jasho mwilini, na kumnyoa hadi ngozi kunamwondolea kinga dhidi ya jua na nzi bila kumpa nafuu inayodhaniwa. Zaidi ya hayo, manyoya ya Labrador yaliyonyolewa huchukua miezi mitatu hadi minne kurudi, na yale ya mbwa wa nchi za baridi wakati mwingine hukaa zaidi ya mwaka mzima bila kuota sawasawa. Mchane tabaka la ndani hadi hewa ipite, mpe kivuli na maji, na umtembeze alfajiri.

Jirani amenishauri nitumie dawa ya josho la ng'ombe, au oili chafu ya gari. Je, zinafaa?

Oili chafu haifai kwa namna yoyote. Ina metali na kemikali zinazopenya ngozini, na mbwa huilamba. Mbwa waliopakwa oili na kupona walikuwa na ugonjwa ambao ungepona kwa njia nyingine, na wale waliokufa ini au figo hakuna anayewasimulia.

Dawa za josho ni suala lenye utata zaidi, kwa kuwa amitrazi, mojawapo ya dawa hizo, ni tiba halali ya upele wa mbwa inapochanganywa kwa kipimo cha mbwa. Ikikolea humletea usingizi mzito na kuyashusha mapigo ya moyo, na huku kwetu mchanganyiko hupimwa kwa kizibo. Dawa za jamii ya permethrini, ambazo mbwa huzivumilia, huua paka; paka anayelala na mbwa aliyepakwa yumo hatarini. Ivermektini ya sindano ya ng'ombe ina nguvu iliyokusudiwa mnyama wa mamia ya kilo, kwa hiyo kosa dogo la bomba ni kosa kubwa kwa mbwa wa kilo 20. Tena wako mbwa, hasa Collie na machotara wake pamoja na baadhi ya German Shepherd, wenye kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo, na huyumba, hupofuka na kuzimia kwa kiwango ambacho mwenzao angekistahimili. Mtu wa duka la pembejeo hana njia ya kulijua hilo kwa kumtazama mbwa.

Vidonge vya kutafuna vya miaka ya karibuni, kama vile vyenye fluralaneri au afoksolaneri, huua viroboto, kupe na wadudu wa upele kwa mwezi mmoja au zaidi. Ni ghali, lakini ukijumlisha bei ya dawa za kubahatisha ulizokwisha kununua, pengine si ghali sana. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa za jamii hiyo huweza kuleta degedege kwa baadhi ya mbwa, hivyo mweleze daktari kama wako amewahi kuanguka kifafa.

Mbwa jike amenyonyoka baada ya kuzaa. Ni kawaida?

Ndiyo. Uzazi, homa kali au upasuaji huweza kuyasukuma manyoya mengi katika hatua ya kupumzika kwa pamoja, nayo hudondoka mwezi mmoja hadi mitatu baadaye. Mlishe vizuri, yatarudi.

Upara uko pande zote mbili kwa ulinganifu, na mbwa hajikuni hata kidogo. Je, nisubiri?

Usisubiri sana, kwa sababu hiyo ni sura ya matatizo ya homoni. Mbwa wa makamo anayenenepa bila kula zaidi, mzito wa kuamka, mwenye mkia uliobaki bila manyoya, huenda tezi yake ya shingoni haifanyi kazi ipasavyo. Yule anayekunywa maji na kukojoa kuliko kawaida, mwenye tumbo lililoning'inia na ngozi nyembamba, huenda ana homoni ya kotisoli kupita kiasi, wakati mwingine kutokana na sindano za steroidi alizodungwa mara kwa mara kutuliza muwasho. Yote mawili huthibitishwa kwa kipimo cha damu.

Tumehamia Ulaya na mbwa wetu, na mwezi wa tatu amepukutika kupita kiasi. Anaumwa?

Kama ngozi ni safi na hajikuni, yaelekea sasa anaufuata mwanga wa huko, ingawa taa za ndani ya nyumba huweza kuuvuruga mpangilio huo. Huko pia utasikia habari ya pua nyeusi inayopauka wakati wa baridi na kurudia rangi yake baadaye, hasa kwa Labrador na Golden Retriever, na ya upara wa ubavuni unaomjia Boxer kila mwaka msimu uleule. Yote mawili hayamuumizi mbwa. Anayehama kinyume, kutoka Ujerumani kuja Arusha kwa mfano, ajiandae kuchana mwaka mzima.

Nikimpeleka kwa daktari, nitegemee nini?

Tegemea ngozi ikwaruzwe kwa kisu kidogo hadi itoe damu kidogo, kisha makwaruzo yatazamwe kwa hadubini. Hicho ndicho kipimo kinachotofautisha upele na mengine, na si cha gharama kubwa. Daktari anayeandika sindano ya steroidi bila kumgusa mbwa, mwombe kwa heshima akwaruze kwanza. Kwa ugonjwa uliokaidi tiba, hospitali za kufundishia za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, hupokea rufaa za namna hiyo.

Usimwogeshe mbwa wala kumpaka kitu kwa siku mbili tatu kabla ya kwenda, kwa sababu utakuwa umemwondolea daktari ushahidi. Beba makopo ya dawa zote zilizokwisha kutumika, yakiwemo yale unayoyaonea aibu, na picha za simu zinazoonyesha upara ulianzia wapi. Ukiweza, andika pia ni mwezi gani dalili zilianza mwaka jana na mwaka juzi, na mvua ilikuwa imeanza au bado.